Kipigo cha Brighton: tumsubiri De Jong, tumchukue Rabiot, au Eriksen ashuke kati?

Kiungo_Mchovu (mwenye uzi)

Wakuu, nimelala na hasira na nimeamka nazo, kwa hiyo mnivumilie. Brighton hawakuwahi kutushinda sisi Manchester United pale Old Trafford hata siku moja katika historia yao. Jumapili tarehe 7 Agosti 2022, mechi ya kwanza ya ligi ya kocha wetu mpya Mholanzi, Ten Hag, tukaamua kuwafungulia ukurasa. 2-1, na hiyo 2-1 inatupendelea.

Hawakuwa hata Brighton kamili. Bissouma wamemuuza Tottenham, Cucurella kaenda Chelsea siku mbili kabla ya mechi. Dakika ya 39 tayari ni 2-0, yote ya Groß, huyo huyo aliyekuwemo kwenye wafungaji walipotutandika 4-0 mwezi Mei. La kwanza katengewa na Welbeck, mtoto wetu wenyewe. La pili March kapiga, De Gea kautema, Groß kamalizia. Sisi goli tumefungiwa na Mac Allister aliyejifunga kwenye vurugu za kona.

Sitaki uzi wa matusi. Kocha ana mechi moja. Ninachotaka tujadili ni katikati, kwa sababu huko ndiko tulikofia. Ukiirudia mechi, usifuate mpira, mwangalie beki wetu Martinez anapokuwa nao. Ananyanyua kichwa, anatafuta mtu. McTominay kajificha nyuma ya mgongo wa adui, Fred kapanda juu kana kwamba yeye ndiye namba kumi. Martinez anarudisha kwa Maguire, Maguire kwa De Gea, De Gea anabutua mbele, na mbele yupo Eriksen anacheza namba tisa wa uongo (kiungo aliyewekwa nafasi ya mshambuliaji) katikati ya mabeki wao Dunk na Webster. Nani ataushinda huo mpira wa juu? Wanauokota wao, wanakuja tena.

Pogba kaondoka bure, Matic kaondoka bure. Walioingia mpaka sasa ni Malacia, Eriksen na Martinez. Dirisha linafungwa tarehe 1 Septemba. Njia ninazoziona ni hizi: tuendelee kumsubiri Frenkie de Jong wa Barcelona, tumchukue Rabiot wa Juventus anayesemwa tangu asubuhi, au tusinunue mtu kwa pupa, Eriksen ashuke kati na Ronaldo aanze mbele. Ya nne ni kubaki na McFred (McTominay na Fred), na anayeitaka hiyo aanzishe uzi wake.

Leteni hoja.

Toa_Kocha

Njia ya tano: afukuzwe leo.

Mzee_wa_Kona

Vijana, poleni. Huyo hapo juu msimjibu.

Mechi ya kwanza haijawahi kumaliza ligi. Agosti 1995 tulipigwa 3-1 na Aston Villa, tatu zote kipindi cha kwanza. Tulikuwa tumeuza Ince, Hughes na Kanchelskis, na kwenye televisheni Alan Hansen akatucheka kwamba huwezi kushinda kitu ukiwa na watoto. Tukabeba ligi na Kombe la FA. Barcelona ya Guardiola mwaka 2008 ilianza ligi kwa kufungwa 1-0 na Numancia, timu iliyoshuka daraja msimu ule ule, na wao wakamaliza na makombe matatu. Manchester City mwaka jana tu walianza kwa kufungwa na Spurs (Tottenham) na wakawa mabingwa.

Kwa hiyo kura yangu ni De Jong. Kocha kamlea Ajax, anajua anachokitaka. Kusubiri wiki tatu si dhambi.

Shabiki_Sugu

Mzee, shikamoo, lakini hiyo 1995 tumeichosha. Wale watoto nyuma yao alikuwepo Schmeichel, wapo Bruce na Pallister, katikati Keane, na Cantona alikuwa anamalizia adhabu, akarudi Oktoba. Barcelona ya 2008 ilikuwa na Xavi na Iniesta. Ukifungwa na Numancia huku Xavi yupo, unalala usingizi. Mimi nikifungwa na Brighton halafu nikiangalia benchi langu la viungo, usingizi unatoka wapi?

City wa mwaka jana ndio kabisa. Wale walifungwa wakiwa mabingwa watetezi. Sisi tumetoka kumaliza wa sita kwa pointi 58, tumefunga 57 na kufungwa 57. Timu iliyomaliza na tofauti ya magoli sifuri haijifananishi na City.

De Jong nampenda, ila huyu bwana hataki kuja. Inasemekana klabu mbili zilishakubaliana bei tangu Julai. Barcelona wana deni lake la mishahara aliyokubali kuahirisha wakati wa korona, anataka chake, na anataka kubaki pale pale. Huwezi kujenga msimu juu ya mtu anayekukwepa. Rabiot aje.

Bi_Takwimu

Naomba tutenganishe bei na gharama, maana hapa ndipo klabu yetu huangukia kila mwaka.

Rabiot ana miaka 27, mkataba wake Juventus unaisha Juni 2023. Maana yake Juventus hawana ubavu wa kuvimba bei. Lakini huyu alitoka PSG mwaka 2019 akiwa huru, akaenda Turin kwa mshahara mnono, na wakala wake ni mama yake mzazi, anayesifika kwa kutokuyumba mezani. Ada itakuwa ndogo, mshahara hautakuwa mdogo. Tukimpa mkataba mrefu na asipofaa, nani atamnunua kwa mshahara huo? Sitaji majina, tunawajua waliokaa kwetu mpaka mikataba ikaisha.

De Jong ana miaka 25, ada yake ni kubwa mno, lakini akicheza miaka mitatu na ukataka kumuuza, soko lipo.

Halafu kuna hii tabia ya kukurupuka mwisho wa dirisha. Mwaka 2013 Fellaini alikuwa na kipengele cha kumwachia kwa pauni milioni 23.5 kilichokufa mwisho wa Julai. Tukakiacha kipite, tukaja kumnunua siku ya mwisho kwa 27.5. Mwaka 2014, kocha mpya Mholanzi, mechi ya kwanza nyumbani, Swansea wakatupiga 2-1 (mnaona kinavyofanana?). Tukaingia sokoni kwa jazba: Di María kwa pauni milioni 59.7, rekodi ya Uingereza wakati huo, na baada ya msimu mmoja tu yuko PSG. Falcao kwa mkopo, akafunga magoli manne ya ligi. Ni kweli tulimaliza wa nne. Ila timu iliyojengwa siku zile iko wapi?

Sasa hivi nasikia na Arnautovic, miaka 33. Nikisikia jina kama hilo siku moja baada ya kipigo, najua hakuna orodha ofisini.

Gunner_Mtulivu

Nimepita tu, msinipige mawe. Sisi Arsenal Ijumaa tulishachukua pointi zetu tatu kwa Palace.

Mzee anasema mechi ya kwanza haimalizi ligi. Sawa. Msimu uliopita tulianza kwa kufungwa 2-0 na Brentford, tukafungwa na Chelsea, tukafungwa tano na City. Mechi tatu, goli hatuna. Tuliambiwa tusubiri, tukasubiri, na kweli tukanyanyuka. Lakini Mei ilipofika Spurs wana 71 sisi 69, Ligi ya Mabingwa tukaitazama kwenye televisheni. Pointi za Agosti hakuna aliyezihesabu ila mwisho zilihesabika. Nyie mnaenda Brentford Jumamosi, halafu Liverpool. Sijui kama mna muda wa kusubiri mtu asiyetaka kuja.

CR_Damuni

Mbona mnazunguka? Mfungaji wenu bora, magoli 18 ya ligi msimu uliopita, kawekwa benchi mkaanza na kiungo mbele. Dakika ya 53 kaingia Ronaldo katoka Fred, mpira ukabadilika. Hayo mengine ni hesabu za walimu.

Kiungo_Mchovu

Kaka CR, mpira ulibadilika, hilo silipingi. Lakini angalia kilichobadilika. Ronaldo alipoingia, Eriksen alishuka pale alipokuwa Fred, na ghafla kuna mtu anayepokea kutoka kwa Martinez, anageuka, anaona mbele. Sancho na Rashford wakaanza kupata mipira miguuni badala ya kukimbilia mipira ya angani. Ronaldo alituletea mtu wa kuwashughulisha mabeki, sawa, ila aliyetufungulia mechi ni Eriksen wa chini.

Pia huyu mzee wetu Ronaldo hakwenda ziara ya Thailand na Australia kwa sababu za kifamilia. Amecheza kipindi kimoja tu dhidi ya Rayo Vallecano. Ukimwanzisha dakika 90, presha ya mbele anayoitaka kocha nani ataifanya?

Namba_Sita

Nimesoma wote, nashangaa kitu kimoja. Mnalinganisha watu watatu ambao hakuna hata mmoja anayefanya kazi tunayoikosa.

De Jong ni mchukuzi wa mpira. Anaupokea kwa beki, anapita nao katikati ya wawili, anauacha kwa wengine. Ajax ya 2019, ile iliyofika nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa, ilikuwa raha kumtazama, lakini alizungukwa na watu wanaokimbia kila upande. Rabiot ni mtu wa boksi hadi boksi, anapenda upande wa kushoto, ana miguu mirefu na mapafu. Eriksen ni mpishi wa pasi. Sasa mpira ukipotea, nani anasimama mbele ya Maguire na Martinez?

Turudi kwenye yale magoli. Brighton walikuwa wanatupita kati kana kwamba hatupo. Lallana na Groß wanajisogeza kwenye nafasi kati ya mabeki na viungo wetu, na pale hakuna mwenye nyumba. Fred anafukuza mpira, McTominay anamfuata Fred, pengo linabaki. Hata ukimweka De Jong pale, pengo lipo, sema tu tutalitazama tukiwa na pasi nzuri zaidi.

Na mkisema hakuna anayeuzwa, mtazameni kiungo wao Caicedo, miaka 20, alivyowamaliza Fred na McTominay wote wawili. Brighton walimtoa Ecuador mwanzoni mwa 2021 kwa pauni milioni chache. Sisi wakati huo tulikuwa wapi?

Mimi nasema fedha yote ya De Jong iende kwa mkabaji halisi, namba sita wa kazi chafu, hata kama ana miaka thelathini. Aliyezoea mechi kubwa. Eriksen acheze mbele yake, Bruno mbele ya Eriksen.

Mzee_wa_Kona

Namba Sita, umenigusa. Viungo wetu wa zamani Keane na Carrick walikuwa watu tofauti kabisa, ila kila mmoja alikuwa anajua wapi pa kusimama. Lakini nitajie basi huyo mkabaji wa mechi kubwa ambaye klabu yake itamwachia mwezi Agosti.

Namba_Sita

Sina jina, mzee. Kutafuta majina kuna watu wanalipwa.

Toa_Kocha

Nimepuuzwa ila narudia. Mholanzi wa Ajax tena?

Bi_Takwimu

Palace walifanya unavyotaka wewe mwaka 2017. Frank de Boer, Mholanzi, kocha wa zamani wa Ajax. Kafungwa 3-0 nyumbani na Huddersfield mechi ya kwanza, kafukuzwa baada ya mechi nne za ligi. Walijiokoa na Hodgson, wakamaliza wa 11. Kama nafasi ya 11 inakutosha, endelea.

Shabiki_Sugu

😂 Dada kamaliza.

Ila nibaki kwenye Rabiot. Hoja ya Namba Sita naielewa, lakini kwa kumngoja mtu asiye na jina tutaingia Septemba na Fred. Rabiot angalau ni mwili mmoja zaidi. Kiungo wetu kijana Garner karudi kutoka Forest alikowasaidia kupanda daraja, na hata yeye simwoni akipewa nafasi. Van de Beek ndiyo hivyo, kocha wake wa Ajax kaja na bado anaanzia benchi.

Kiungo_Mchovu

Basi nilipofika mimi ni hapa. De Jong tumpe siku saba, siyo mpaka dirisha lifungwe. Akikataa tufunge faili, tusirudi kubembeleza usiku wa mwisho. Rabiot nipo tayari kumpokea kwa masharti ya Bi Takwimu tu: mkataba mfupi, na mama akitaja mshahara wa kutisha tunainuka mezani. Nilianza uzi nikiwa namtaka De Jong kwa nguvu zote, ila Namba Sita kanionyesha kwamba hata yeye hafuti lile pengo. Kwa hiyo pesa kubwa iende kwa mkabaji.

Kwa Jumamosi hatuna mpya yeyote, lazima tucheze na waliopo. Mimi ningeanza Ronaldo mbele, Eriksen chini kabisa apokee kutoka kwa De Gea na Martinez, Fred pembeni yake amkimbilie, McTominay apumzike.

Namba_Sita

Eriksen chini kabisa, Brentford? Mkuu, alikaa kwao kuanzia Januari mpaka Mei. Kocha wao Thomas Frank anajua mguu gani anapokelea na anageukia upande gani. Mpe pasi fupi kutoka kwa kipa huku mgongo wake ukiangalia goli la adui, uone watu wanavyomrukia. Asukumwe mbele kidogo, na De Gea aambiwe akiona msongamano abutue tu. Aibu ya kubutua ni ndogo.

Kiungo_Mchovu

Kubutua kwa nani sasa? Si ndiyo tulikotoka Jumapili?

CR_Damuni

Kwa Ronaldo. Mimi nilishajibu swali hili tangu mchana, mnanisomesha mpaka usiku.