Jioni ya waimbaji chipukizi Kisumu: nifanyeje ili maneno ya nyimbo yasikike?

Mwenye Ukumbi, Kisumu
Hamjambo wapenzi wa muziki. Nina ukumbi mdogo wa viti arobaini, wenye paa la mabati, na mwezi ujao nimewaalika waimbaji wanne chipukizi wanaojitungia nyimbo: wawili wa gitaa kavu, mmoja wa nyatiti, kile kinubi cha Wajaluo, na mmoja wa orutu, ile fidla yao ya uzi mmoja. Jioni iliyotangulia iliniuma sana. Binti mmoja aliimba wimbo aliomtungia marehemu nyanya yake, huku wageni wakiendelea kuagiza samaki na sahani zikigongana, hata ubeti wa mwisho ukanipita mimi niliyekuwa hatua tatu tu kutoka kwake. Je, niongeze spika? Na wimbo wa Kijaluo au wa Kinyore ukiimbwa mbele ya watu wasioijua lugha hiyo, mwimbaji afanyeje?

Fundi wa Sauti, Nakuru
Ndugu yangu, spika usiongeze, kwa sababu ukipandisha sauti katika chumba cha watu arobaini, wageni nao watapandisha zao. Chakula kiliwe kabla ya saa moja, kisha jiko lisimame.

Nyatiti ndiyo inayotaka uangalifu zaidi. Mpigaji hukaa chini kwenye kigoda, ala ikiwa imelazwa ubavu, naye huvaa pete ya chuma kwenye kidole gumba cha mguu ambayo huigonga kwenye ubao wa ala ili kushika mapigo. Fundi asiyeijua huweka kipaza sauti kimoja mbele ya mdomo na kingine popote palipo wazi, halafu mlio wa chuma unazimeza nyuzi zote nane. Kiweke karibu na ngozi ya ala, mbali na ule mguu, kisha kijaribu mapema mpigaji akiwa amevaa pete na njuga zake. Mvua ya jioni ikianza kupiga mabati, msishindane nayo. Mwimbaji apumzike mpaka ipungue.

Mpiga Nyatiti, Siaya
Fundi amesema kweli, ila kuhusu ukimya nina neno. Nyatiti haikulelewa katika ukimya. Katika karamu za kwetu, msikilizaji hutoa pesa, akaisimamisha ala, akajisifu au akamsifu rafiki yake kwa majina ya sifa, kisha mpigaji akaendelea pale alipoachia. Hiyo tunaiita pakruok, na mzee anayeifanya hajakosa adabu hata kidogo. Kwa hiyo usiikataze. Itengee nyimbo mbili za mwisho na uwatangazie wageni mapema, ili zile za mwanzo zisikilizwe bila kukatizwa. Pesa zinazotolewa ni za mpigaji. Mahali fulani nilipopiga, mwenye ukumbi alizihesabu pamoja na mauzo yake ya soda, nami nikarudi nyumbani na nauli peke yake.

Kuhusu lugha, mimi hueleza kwa Kiswahili kabla ya kugusa uzi wa kwanza, sentensi mbili au tatu: ni nani aliyefariki, alipendwa kwa lipi, na ni neno gani litakalorudiwa. Msikilizaji akilishika hilo neno moja, ataufuata wimbo mzima.

Mama Mpenda Ngoma, Kakamega
Mwanangu, yule binti usimweke wa kwanza, watu wakiwa bado wanatafuta viti. Anza na gitaa la omutibo, ule mtindo wa gitaa kavu wa Waluhya, mwenzake mpigaji akigonga chupa ya soda kwa ukingo wa chuma, kwa maana mlio huo huwageuza watu shingo bila kuombwa. Binti aingie wa pili, nyatiti iwe ya mwisho kwa sababu ya hiyo pakruok.

Mwenye Ukumbi, Kisumu
Ahsanteni sana. Jiko litafungwa saa moja kamili, na leo nimemwandikia mpiga nyatiti kwamba kila shilingi ya pakruok ni yake. Binti amekubali kuingia wa pili, ila ameomba aimbe bila kipaza sauti, akiwa amesimama katikati ya viti. Mzee wa Siaya, nimemsomea maneno yako, naye ameshachagua sentensi zake mbili kuhusu nyanya yake.