Kupanda vilima siku mbili bila gari: Bujora au Ukerewe?

Kijana wa Nyakato: Wakuu, salaam. Tuna kikundi cha kwaya, vijana wengi na wazee wawili. Tunataka kutembea juu ya mawe, tulale usiku mmoja, turudi Mwanza kwa usafiri wa kawaida. Tumebaki na sehemu mbili: vilima vya Kisesa kuzunguka Bujora, au kilima cha Handebezyo kule kisiwa cha Ukerewe. Wenye uzoefu naombeni ushauri, hasa maji na malazi.

Kisesa Juu: Mkuu, kwa ajili ya hao wazee nendeni Bujora. Daladala za Kisesa zipo kutwa nzima, mkishuka ni bodaboda kidogo tu. Pale kwenye makumbusho ya Wasukuma kuna vyumba na sehemu ya kupiga hema, ila ulizieni mapema. Epukeni siku za Bulabo, sikukuu ya ngoma za Wasukuma, mwezi wa sita. Wagika na Wagalu, yale makundi mawili ya ngoma, wakishaanza kushindana, watu wanafurika, chumba hupati.

Shida ya kule ni maji. Jiwe lile halinywi mvua, yote yanateremka. Kinachobaki juu ni vidimbwi vya kijani vyenye viluwiluwi, na mbuzi wanakunywa humo humo. Jazeni madumu Kisesa kabisa. Mimi nahesabu lita tatu kwa mtu kwa siku, na jua la mchana likigonga jiwe hazibaki.

Mama Nansio: Ukerewe msiiache hivi hivi jamani. Meli ya Mwanza–Nansio inachukua muda wa saa tatu na zaidi, gesti Nansio zipo, na kwenda Handebezyo bodaboda zinafika. Ukiwa juu pale unaona ziwa hadi macho yachoke. Meli ikiwapita, kuna pantoni ya Rugezi–Kisorya, kisha basi kupitia Bunda. Ni mzunguko mrefu, lakini mtafika.

Maji ombeni visimani kwa watu, hawawanyimi. Na tafadhali, vijana wasiingie kuoga kwenye matete. Kichocho kinapenya kwenye ngozi, si lazima unywe. Maji ya ziwa ni ya kuchemsha.

Mvuvi Mstaafu: Hakuna aliyetaja radi, na ndiyo inayonitia hofu. Msimu wa mvua, wingu linajenga mchana na kupasuka alasiri. Pandeni alfajiri, saa sita mchana muwe mmeshashuka. Likinguruma msijifiche chini ya jiwe kubwa wala chini ya mti uliosimama peke yake. Shukeni mkaingie kwenye nyumba. Na jiwe likilowa linateleza vibaya, mzee asishuke bila kushikwa mkono.

Kijana wa Nyakato: Asanteni sana. Mapango ya kulala je? Nimeona picha yanapendeza.

Kisesa Juu: Hapana mkuu. Humo kuna nyuki, kuna nyoka wanaofuata pimbi, na mengine ni sehemu za matambiko. Mwoneni mwenyekiti wa kitongoji kwanza, atawapa kijana wa kuwaongoza.

Kijana wa Nyakato: Basi ni Bujora, Julai, kiangazi. Wazee watapanda kilima kimoja tu, sisi tutaendelea.

Mama Nansio: Sawa mwanangu. Vijana peke yao waje huku Agosti, kabla ya vuli. Waulize bandarini siku moja kabla, ratiba ya meli hubadilika.