Mfadhili ameondoka, nataka shirika linunue bajaji. Naombeni ushauri

Kihonda_Juu: Wakuu, wakubwa shikamooni. Nasimamia shirika dogo Morogoro, tunawafanyisha mazoezi ya viungo watoto wenye mtindio wa ubongo. Fedha za USAID zilitufikia kupitia shirika kubwa la hapa nchini. Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada, mkataba ukakatwa. Sasa tunajikongoja kwa michango ya wazazi. Nataka shirika liwe na mapato yake. Bajaji za abiria zinalipa? Hesabu ya siku anayoleta dereva ikoje kwa Moro mjini?

MzeeWaMsamvu: Bajaji nilikuwa nazo. Wiki ya kwanza hesabu inakuja, ya pili mama mzazi wa dereva anaumwa, ya tatu injini imekufa. Nikauza, nikafungua mashine ya kusaga. Mpaka leo nala ugali kwa amani.

Binti_Ruaha: Dada, nenda Iringa ukaone Neema Crafts. Walianza 2003 chini ya Kanisa Anglikana. Wana karakana, mgahawa na nyumba ya wageni, na wafanyakazi ni watu wenye ulemavu. Biashara yao imetokana na kazi yao. Ninyi mna wataalamu wa mazoezi. Wagonjwa wa kiharusi mjini wanahitaji huduma hiyo na wapo wenye uwezo wa kulipa. Bajaji za nini?

Hesabu_Safi: Mtaji unatoka wapi?

Kihonda_Juu: Mtaji upo. Naomba tujikite kwenye bajaji.

Hesabu_Safi: Umesema mnajikongoja. Upo wapi huo mtaji?

Kihonda_Juu: Kuna salio la mradi, milioni 17. Mkataba ulikatwa zikiwa bado kwenye akaunti, na hakuna aliyeziulizia. USAID yenyewe ilifungwa Julai 2025, nimrudishie nani? Zilitolewa kwa ajili ya watoto hawahawa. Nimeshatanguliza milioni mbili kwa bajaji moja. Kadi ya umiliki itaandikwa jina langu kwa muda, maana bodi haijakaa.

Ustaadh_Kichangani: Anayekula mali ya yatima anakula moto. Muogope Mungu.

Kihonda_Juu: Si yatima, na sijala hata shilingi.

Hesabu_Safi: Kutoulizwa si kupewa. Mkataba wako ni na hilo shirika la hapa nchini, nalo linadaiwa hesabu: kazi za USAID zilihamia Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani. Omba ridhaa ya maandishi ya kutumia salio. Wakikataa, rudisha. Kadi ikiwa na jina lako, bajaji ni yako. Ukifa leo warithi wataichukua. Na ujue TRA haikusamehe kodi ya biashara kwa sababu tu umesajiliwa kama NGO.

Sauti_ya_Gizani: Chai hii, hadithi ya kutunga. Akaunti imefunguliwa juzi, uzi mmoja tu. Kesho ataweka namba ya kuchangia.

MzeeWaMsamvu: Au ni mkaguzi, anatutega.

Binti_Ruaha: Watoto wa namna hiyo wapo, nimewalea. Kama ni chai, bado kuna mwenye salio anasoma hapa.

Sauti_ya_Gizani: Basi aweke picha ya bajaji.

Kihonda_Juu: Sijaomba mchango na sitaomba. Muuzaji amesema alichopokea hakirudi. Niandike barua kwanza au niite bodi?

Hesabu_Safi: Bodi, wiki hii. Waeleze hizo milioni mbili kabla hawajaziona kwenye taarifa ya benki. Muhtasari wa kikao uambatanishe na barua.