Transfoma imeandikwa 18-0-18 lakini DC inasoma 27, IC mbili zimeshaungua, msaada wakuu

Dogo wa Mwanga:
Habari za jioni wakuu. Niko Mwanga hapa Kigoma, najiundia ampli ya TDA2030 (IC, yaani kichipu cha kukuza sauti), transfoma nimechomoa kwenye redio mbovu imeandikwa 18-0-18, yaani volti 18 kila upande wa waya wa kati, nikaona ndo yenyewe maana hiyo IC mwisho wake volti 18 juu na 18 chini. Nimepima AC (umeme wa mawimbi unaotoka kwenye transfoma) nikapata 19.5 kila upande nikasema si mbaya, nikafunga bridji (daiodi nne za kugeuza AC kuwa DC) na kapasita mbili za kutuliza umeme, za maikrofaradi 4700 volti 25, kuwasha tu IC ikapasuka, nikajua feki nikaweka nyingine nayo ikaenda hapo hapo. Sasa nimezitoa nimepima DC naona 27 kila upande!! Hizi volti zinatoka wapi? Kapasita moja nayo imeanza kutuna kichwa. Nimebakiza hela ya IC moja tu.

Fundi Ujiji:
Pole sana dogo. Zima kwanza, kapasita ya 25 umeibebesha 27, itakupasukia usoni. Transfoma yako nzima kabisa. Namba ya AC sio kilele cha wimbi, kilele ni hiyo namba mara 1.414, na kapasita inajaa mpaka kileleni. 19.5 mara 1.414 ni 27.6 hivi, toa 0.7 ya daiodi, unabaki na 27 yako. Na kusoma 19.5 badala ya 18 ni kwa vile haijabeba mzigo, transfoma ndogo ndo zilivyo.

mkali wa besi:
weka resista ya wati 10 kila upande ishushe, mbona rahisi

Fundi Ujiji:
Hapana kaka, hapo nakupinga. Resista inashusha kulingana na ampea zinazopita, muziki ukiwa kimya haishushi kitu IC inakula 27 zote, besi ikipiga volti zinaanguka sauti inakwaruza. Utamuunguzia dogo na hiyo ya tatu.

Mnyamwezi wa Isevya:
Mie Tabora huku yalinikuta hayo hayo. Dogo usinunue tena TDA2030, chukua IC ya LM1875, miguu imepangwa vile vile na yenyewe mwisho wake ni volti 60 jumla, wewe una 54 (27 na 27). Spika iwe ya ohm 8, ya 4 itaichemsha. Kibati cha mgongoni kimeungana na upande wa hasi kwa hiyo weka maika (kikaratasi cha kuzuia umeme) kabla ya kuifunga kwenye hitisinki (bati la kupoozea), wengi wanaua IC hapo. Kapasita weka za volti 50. Ukiipenda sana TDA2030 basi tafuta transfoma ya 12-0-12, ila ipime kwanza bila mzigo, ikizidi 12.5 iache.

Dogo wa Mwanga:
Dah kumbe IC hazikuwa feki, nilishaenda kugombana na muuza duka, kesho asubuhi naenda kumuomba radhi. Nimeshazima. Je nikiweka LM1875 niwashe moja kwa moja?

Fundi Ujiji:
Usiwashe hivyo. Chukua balbu ya wati 60 ile ya zamani ya waya, ipitishe kwenye waya mmoja wa umeme kabla ya transfoma. Ikimulika kidogo ikafifia uko salama, iking'aa ikabaki hivyo zima, kuna shoti.