Huyu kocha wetu staa eti ananiuliza mimi nilicheza wapi, JAMANI!!

Jina simtaji, mnamjua, mji mzima unamjua, na kama humjui kaa naye dakika mbili tu atakusimulia yale mabao yake mpaka jua lizame.

Ndo nimetoka uwanjani saa hii, sijala, viatu vimejaa matope na hasira zimenikaba hapa kooni. Tunaongoza moja bila. Yule dogo wetu winga wa kushoto amemsumbua beki wao mpaka beki akawa anaomba maji kila mpira ukitoka nje. Dakika zimebaki chache, staa anamtoa dogo. Anamtoa! Anaingiza beki wa kati wa tatu, haijatosha anaingiza na wa nne, straika kabaki huko mbele peke yake anaangalia mipira ikimpita juu kwa juu. Kona, goli. Kona tena, goli. Firimbi. Kwisha habari.

Hayo ningeyameza, timu hufungwa. Sasa sikieni. Wakati anatoka akapita pale kwenye waya tulipo, wazee wapo, kina mama wa karanga wapo, watoto wa shule na yunifomu zao wapo. Nikamwambia kwa heshima zote, "Shikamoo kocha, yule mtoto ulimtoa kwa nini?" Jamaa akasimama, akaniangalia kuanzia kichwani mpaka kwenye haya matope, akasema "Kwani wewe ulicheza wapi?" Akabonyeza ufunguo, gari likalia pii, akaingia, akapandisha kioo, huyoo.

Ulicheza wapi! Mbele ya watoto! Mimi ambaye nimelipa kiingilio tangu timu ikiwa haina hata jezi za kufanana, mvua yangu jua langu, leo naulizwa nilicheza wapi na mtu ambaye timu ya kwanza aliyopewa ilishuka daraja, ya pili wachezaji wenyewe walimgomea. Kila alipopita kosa ni la refa, kiwanja kibovu, vijana wa siku hizi hawana moyo, na leo kosa limefika kwangu, sikucheza.

Nani kamdanganya kwamba ukifunga sana basi unajua kufundisha? Micho alipokuwa kocha wa timu yetu ya taifa ya Uganda alitupeleka AFCON, Kombe la Mataifa ya Afrika, Septemba 2016 pale uwanja wa Namboole, Miya kaifunga Comoros, tulikuwa hatujaenda huko tangu 1978 watu wazima walilia, na hakuna hata mmoja aliyemuuliza Micho alicheza namba ngapi. Desabre, kocha mwingine wa taifa, 2019 alitufikisha mtoano kule Misri, tukatolewa na Senegal kwa kibao kimoja, akaenda Congo ya Kinshasa akawafikisha nusu fainali kule Ivory Coast. Alicheza wapi Desabre? Nani anajali!

Na mazoezini nimeshaenda nikaona kwa macho yangu. Anayepiga frikiki ni YEYE. Vijana wamepangwa ukuta, kipa anaokota mipira nyavuni, yeye anapiga nyingine, ikiingia anawageukia, "mmeona?" Wameona nini sasa, wao ndo watacheza Jumamosi siyo wewe! Yule dogo mguu wake wa kushoto ni dhahabu hajapewa hata mpira mmoja apige.

Ulicheza wapi. Wallahi hii sitaisahau. Ningekuwa na uwezo ningenunua ile timu leo usiku nimfukuze, halafu kesho nimrudishe nimfukuze tena mbele ya watoto walewale.

Dogo wa Steji:
Jibu swali ssebo, ulicheza wapi? 😂😂

Mwenye uzi:
Namba tatu, beki wa kushoto, shule ya msingi mpaka sekondari. Na hata nisingegusa mpira maisha yangu yote, kiingilio nililipa.

Dogo wa Steji:
Namba tatu ya shule hahahaaa banange, kocha alikuwa na haki

Afande Mstaafu:
Pole mwanangu. Lakini na wewe, mtu katoka kufungwa jasho halijakauka unamvamia kwenye waya. Ungengoja kesho.

Mama Karanga:
Mimi nilikuwepo. Kioo hakupandisha, kilikuwa juu tangu asubuhi. Mengine yote ni kweli, na mlivyoanza kugombana pale watu wakala karanga zangu wakaondoka bila kulipa, mbona hilo hulisemi?

Mwekundu Daima:
Ugonjwa huu uko kila mahali ndugu yangu. Rooney wetu, mfungaji bora wa historia wa Man U, Oktoba 2023 kapewa Birmingham iko nafasi ya sita inapumua vizuri kabisa. Mechi 15 kashinda 2, kafungwa 9, anaondoka iko ya 20, mwisho wa msimu ikashuka. Bado Plymouth wakamchukua! Mwaka haukuisha wakaachana wako mkiani.

Bunduki wa Jinja:
Man U muulizwe habari za Neville wenu, kutwa alikuwa anawakosoa makocha kwenye TV, kafika Valencia kapigwa saba na Barcelona mechi moja

Mwekundu Daima:
Na Henry wenu wa Arsenal kule Monaco? Kaenda Oktoba 2018, Januari 2019 yuko nyumbani. Nyamaza.

Bluu Damu:
Sisi Chelsea tusemeje. 2023 Lampard kaitwa aje kutuokoa, mechi sita za kwanza kafungwa zote. SITA. Mimi nampenda yule mtu mpaka kesho lakini kile kipindi nilikuwa naingia kibandani kutazama mechi najificha nyuma ya nguzo.

Kijana wa Arua:
Na Zidane? Champions League tatu mfululizo akiwa kocha Real Madrid, 2016, 2017, 2018. Alikuwa staa kuliko hao wote mnaowataja. Msichukie watu kwa sababu walicheza.

Mwenye uzi:
Zidane alikaa benchi chini ya Ancelotti akisikiliza, akapewa Castilla, timu ya pili ya Real Madrid, kwanza, ndo akapanda. Na Sekagya wetu, kapteni wa Cranes, timu ya taifa, mzima, alipostaafu kule New York Red Bulls alianza usaidizi timu ya pili, hakudai kupewa kubwa. Huyu wetu alitoka kuvua njumu leo kesho ni kocha mkuu! Ndo maana hajui kujibu, anajua kuuliza ulicheza wapi tu.

Bluu Damu:
Kama Pirlo. Kapewa vijana wa Juventus, hata mechi moja hajasimamia wakampandisha timu kubwa. Bingwa mara tisa mfululizo ikamaliza ya nne.

Bunduki wa Jinja:
Alichukua Coppa Italia, sema yote

Mwekundu Daima:
Mtu wa Arsenal leo anatetea makombe, dunia imeisha

Bunduki wa Jinja:
Nyie mlipigwa tano na Liverpool hapohapo kwenu 2021, kocha wenu staa Solskjaer kasimama kwenye mstari anatafuna bablish

Afande Mstaafu:
Vijana, mada ni kocha wa hapa nyumbani.

Kijana wa Arua:
Acheni hao wote, mimi mwenye hasira ya kweli nipo hapa. Mwenye kibanda cha karibu na soko, mnamjua. Juzi mechi imefika penati, kila mtu kasimama, akazima jenereta eti muda wa tiketi umekwisha tulipe upya! PENATI!

Bluu Damu:
Huyo mshenzi namjua! Ana TV mbili mechi mbili, lakini sauti anaweka ya ile mechi usiyoitaka.

Mama Karanga:
Na sisi wauzaji tukitaka kuingia anatutoza kama mashabiki na hata TV hatuangalii

Mwenye uzi:
Jamani turudi kwa kocha, ameniuliza nilicheza wapi mbele ya watoto wa shule

Dogo wa Steji:
Tumekusikia namba tatu. Hicho kibanda siku hizi ni bei gani kwani?

Kijana wa Arua:
Elfu moja, mechi kubwa elfu mbili. Na ukichelewa unasimama.

Bluu Damu:
Mbili na kusimama?? Huku kwetu elfu moja na benchi unapata, njooni huku