Kikundi cha wafuga mbwa mtaani: tumtembeze wapi?

Mama Neema: Hamjambo majirani. Tumepata mbwa mpya, dume, umri miezi minne na nusu, kilo 12, anavuta kamba kwelikweli. Nataka nianze kumtembeza. Kuna uwanja wa mpira, kuna njia ya mtoni, na kuna hizi barabara za ndani za makazi. Nianze na ipi?

Baba Tatu: Kabla ya njia tuanze na chanjo. Amemaliza?

Mama Neema: Dozi ya mwisho kachomwa Jumamosi, pamoja na ya kichaa cha mbwa.

Dkt. Salma: Hongera, wengi huishia dozi mbili. Sasa subiri zitimie wiki mbili tangu hiyo Jumamosi ndipo umshushe chini kwenye njia za watu wote. Kinga haijengeki siku ya sindano. Ninachokihofia zaidi ni pavo, ugonjwa wa kutapika na kuhara unaoua mbwa wadogo. Virusi vyake hutoka na kinyesi cha mbwa mgonjwa na hukaa kwenye udongo miezi mingi, hata kufikia mwaka, na kinyesi chenyewe kikiwa kimeshatoweka machoni. Uwanja unaweza kuonekana msafi kabisa na bado ukawa nao.

Mama Neema: Kwa hiyo wiki mbili zote awe ndani tu?

Dkt. Salma: Hapana, hapo utamharibia tabia. Mbebe, au kaa naye mlangoni pako aone pikipiki, baiskeli, watoto wanaokimbia, mtu mwenye mwavuli, mtu mwenye fimbo. Mbwa asiyeviona vitu hivi mapema huja kuviogopa akiwa mkubwa, na mbwa mwoga ndiye anayeng'ata. Awe anaviona kwa mbali, huku anapewa kitu kitamu. Akikataa kula, mko karibu mno, rudi nyuma.

Baba Tatu: Na chanjo ya kichaa irudiwe baada ya mwaka mmoja. Hiyo ya kwanza peke yake haitoshi. Andika tarehe mahali utakapoiona.

Mzee Hamisi: Mama Neema, kuhusu njia. Nenda kwanza peke yako bila mbwa, na uende saa ileile utakayokuwa unamtembeza. Njia ya saa kumi na mbili asubuhi si njia ile ya saa kumi na mbili jioni. Mageti yanafunguliwa, watoto wanatoka shule, mbwa waliofungwa mchana wanaachiwa.

Mama Neema: Shikamoo Mzee. Nikifika huko niangalie nini hasa?

Mzee Hamisi: Marahaba mwanangu. Angalia pa kukwepea. Mimi njia naipima kwa hilo kabla ya lingine lolote. Kila hatua 40 au 50 jiulize: mbwa asiye na kamba akitokea mbele yangu hivi sasa, napita wapi? Ukiwa na njia panda, upande wa pili wa barabara, gari lililoegeshwa la kujikinga nyuma yake, au geti la jirani anayekujua, hapo ni salama. Kichochoro chenye kuta mbili ndefu na mlango mmoja tu wa kutokea, hata kiwe na kivuli kizuri namna gani, kiache.

Kaka Musa: Naongezea. Hesabu mageti yasiyofungika vizuri. Mbwa anayebweka nyuma ya uzio mzima hana neno, mpite kwa mbali. Wa kuogopwa ni yule ambaye uzio wake una tundu chini, au geti lake huachwa wazi gari linapotoka. Ukikuta nyumba mbili za aina hiyo kwenye mtaa mmoja, chagua mtaa mwingine.

Kaka Musa: Na jalala. Palipo na jalala, machinjio au mabaki ya chakula, mbwa wazururaji wapo, na kila mmoja analinda sehemu yake. Tena mifupa iliyopikwa inavunjika vipande vyenye ncha, akimeza inaweza kumtoboa utumbo. Sumu ya panya nayo hutupwa maeneo hayohayo.

Dada Rehema: Uwanja wa mpira si ndio bora? Kweupe, unaona kila kitu.

Kaka Musa: Kweupe ndiyo, na pa kukwepea papo. Lakini hauna uzio. Kwa mbwa wa kwenye kamba, mzuri. Kwa kumwachia, hapana, labda awe anarudi akiitwa hata kukiwa na mpira na mbwa wengine. Huyu wa Mama Neema bado yuko mbali na hapo.

Mzee Hamisi: Halafu kagua kingo za uwanja kuliko katikati. Chupa zilizovunjika, vipande vya waya na misumari hurundikana pembeni na nyuma ya magoli. Wavu wa goli nao ukae naye mbali, mguu ukinasa anahangaika mpaka ajiumize.

Dada Rehema: Sawa. Na hizi kamba za kujikunja kwenye kasha? Mbwa wangu wa pili naona anafurahia.

Kaka Musa: Dada Rehema, kwa njia za makazi sikushauri hata kidogo. Kamba ikishatoka mita 5, mbwa anafika katikati ya barabara kabla hujabonyeza kitufe. Uzi wake mwembamba unakata vidole na kuchuna miguu ya mtu ukimzunguka. Na kasha likikuponyoka linaburuzika nyuma ya mbwa likipiga kelele, naye anazidi kulikimbia. Tumia kamba ya kawaida ya mita 1.5 hadi 2, ya utepe mpana au ngozi. Pitisha mkono ndani ya kitanzi cha mwisho na ushike kamba kwa kiganja. Usiizungushe vidoleni.

Baba Tatu: Kamba ndefu ya mita 5 hadi 10 ina kazi yake pia, ila ni ya uwanjani tu, pasipo watu, na ifungwe kwenye mkanda wa kifuani. Ukiifunga shingoni, akikimbia na kufika mwisho wa kamba atajitegua shingo.

Mama Neema: Huyu wangu anavaa mkanda wa shingo. Mara mbili ameshauvua kwa kurudi kinyumenyume.

Kaka Musa: Basi usitoke naye hivyo. Mkanda wa shingo unatakiwa upitishe vidole viwili vilivyolala, si zaidi. Anayevuta na anayerudi nyuma anafaa zaidi mkanda wa kifuani wenye umbo la Y, usiopita juu ya mabega, na wenye pete ya mbele kifuani. Kamba ikiwa kwenye pete ya mbele, akivuta anageuzwa ubavu na nguvu zinampungua. Ujaribu ndani kabla ya kutoka: simama mbele yake, vuta taratibu huku yeye akirudi nyuma. Kiwiko kikitoka, kaza. Yuko kwenye kukua, kwa hiyo pima upya kila wiki. Mkanda wa shingo mwachie na kibati chenye namba yako ya simu.

Baba Tatu: Na uitazame klipu. Chemchemi ikilegea au ikiingia mchanga, klipu inafunguka yenyewe anaporuka.

Mama Neema: Asanteni. Sasa hao wazururaji wakitokea kweli, nifanye nini? Hapo ndipo naogopa.

Mzee Hamisi: Usikimbie na usipige kelele. Ukikimbia unawaita. Fupisha kamba bila kuikaza, mweke mbwa wako upande wa nyuma yako, wageuzie ubavu, usiwakazie macho. Kisha ondoka kwa mshazari, pole pole, kuelekea pale pa kukwepea ulipopaona siku ile ya kwanza.

Kaka Musa: Wakizidi kusogea, tupa konzi ya vipande vya chakula upande wao, mbali na mbwa wako. Wengi watainamisha vichwa kuokota, nawe unapata nafasi ya kuondoka. Mwavuli nao unasaidia: ufungue ghafla uwe ngao. Usiokote jiwe isipokuwa umekwama kabisa, kwani mbwa wengine huchachamaa wakirushiwa.

Dkt. Salma: Mtu aking'atwa au kuparuzwa, aoshe jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15 kamili, kisha hospitali siku hiyohiyo akaanze chanjo. Msisubiri kumchunguza mbwa kwanza. Dalili za kichaa zikishajitokeza kwa mtu, karibu kila mara anakufa. Kabla hazijajitokeza, chanjo inazuia. Na mbwa wako aking'atwa, mlete hata kama amechanjwa, anahitaji kuongezewa dozi haraka.

Baba Tatu: Kwa wenye majike: jike akiwa kwenye joto, yaani kipindi cha kutaka dume, kama wiki tatu hivi, asipitishwe njia hizi. Madume yanafuata harufu kutoka mbali na kugombana njia nzima. Abaki ndani ya uzio, kamba mkononi hata humo.

Dada Rehema: Na tukikutana sisi kwa sisi? Wangu anabwekea kila mbwa anayekuja mbele yake.

Kaka Musa: Kukutana uso kwa uso kwenye njia nyembamba kunawatia wote hasira. Mbwa wakiachiwa wenyewe hukaribiana kwa kuzunguka kama upinde na kunusana ubavuni. Kwa hiyo tafuta njia yenye nafasi ya kutoka pembeni mita 3 hadi 5. Ukimwona mwenzako, toka mapema kabla wako hajakakamaa, piga huo upinde, mpe kitu kitamu mkipita. Kamba isikazwe. Ukiikaza unamwinua kifua na kichwa, na yule mwingine anaiona kama anatishwa.

Mama Neema: Nimeelewa. Njia ya mtoni je? Ina kivuli.

Dkt. Salma: Kivuli ni kweli, lakini maji ndiyo shida. Maji yaliyotuama huwa na mkojo wa panya, na humo ndimo vimelea vya homa ya mgunda vinamoishi. Ugonjwa huo unawapata mbwa na watu. Ipo chanjo ya mbwa ya kila mwaka, niulize akija tena. Kingine, ukiona utando wa kijani au wa bluu juu ya maji yaliyosimama, kama rangi iliyomwagwa, usimruhusu anywe, aogelee wala ajilambe manyoya yaliyolowa. Sumu ya mwani ule inaweza kuua mbwa ndani ya saa chache na haina dawa ya kuitengua.

Mzee Hamisi: Na nyasi ndefu za pale zina kupe na nyoka. Ukipita, pita katikati ya njia iliyo wazi, kamba fupi. Kama kuna ng'ombe wenye ndama, geuza tu. Na wakikukimbilia, iachie kamba. Ng'ombe wanamfuata mbwa, na mbwa ana mbio kuliko wao. Mwenye kuumia ni mtu anayeng'ang'ania.

Dada Rehema: Hilo la kuachia kamba sikulijua kabisa. Asante Mzee.

Baba Tatu: Jua nalo. Weka nyuma ya kiganja chako kwenye lami sekunde 7. Ukishindwa, nyayo zake hazitavumilia. Lami ya juani inazidi sana joto la hewa, na inabaki na moto hata baada ya jua kupungua. Tembea asubuhi mapema, au jioni lami ikishapoa.

Dkt. Salma: Wenye mbwa wa pua fupi mzingatie zaidi. Mbwa anapoza mwili kwa kuhema, na mwenye pua fupi hahemi vizuri. Ukiona ufizi mwekundu sana, mate mazito, anayumba au anatapika, acha kutembea. Kivulini, mmwagie maji baridi ya kawaida mwili mzima, mpepee, kisha mlete mara moja. Taulo lililolowa lisiachwe limemfunika, linahifadhi joto.

Mama Neema: Nibebe maji kiasi gani?

Dkt. Salma: Kwa siku nzima mbwa anahitaji kama mililita 50 hadi 60 kwa kila kilo. Kwa kilo 12 ni kama mililita 700. Kwa matembezi yake, nusu lita na bakuli dogo vinatosha. Usimtegemeze maji ya mitaroni.

Mzee Hamisi: Na mifuko miwili ya kinyesi, siku zote. Mahali watoto wanapochezea usimpitishe kabisa, hata ukiwa na mifuko.

Dkt. Salma: Kweli Mzee. Mayai ya minyoo ya mviringo yanayotoka na kinyesi huchukua kama wiki mbili au zaidi chini kabla hayajaweza kuambukiza mtu. Ukiokota palepale umepunguza sana hatari. Ukiacha, mvua inayasambaza, na hapo hakuna wa kuyaokota tena.

Mama Neema: Basi nimeamua. Barabara za ndani kwanza, zikishatimia wiki mbili, na kesho jioni napita mwenyewe kukagua. Zile zisizo na njia ya watembea kwa miguu nipite upande gani?

Baba Tatu: Upande wa kuyatazama magari yanayokuja, mbwa akae upande wa ukingoni, wewe katikati yake na magari. Giza likiingia, mkanda unaong'aa kwake na tochi kwako. Kwa umri wake dakika 15 hadi 20, mara mbili kwa siku, na mwache anuse. Kunusa kunamchosha vizuri kuliko kuburuzwa mbio.

Kaka Musa: Na usifanye njia moja tu. Kagua mbili. Siku moja kuna ujenzi, siku nyingine geti limeachwa wazi, unahamia ya pili bila kubahatisha.

Mama Neema: Sawa kaka. La mwisho, daktari: tukirudi nyumbani, kupe nawatafuta wapi?

Dkt. Salma: Ndani ya masikio, chini ya mkanda wa shingo, kwapani, kati ya vidole, kwenye nyonga na chini ya mkia. Pitisha vidole, usitegemee macho. Ukimpata, tumia kibano chenye ncha nyembamba, mshike karibu kabisa na ngozi, vuta moja kwa moja bila kuzungusha. Usimpake mafuta wala kumchoma moto, atazidi kumtemea mbwa mate yenye vimelea. Na kati ya vidole hapohapo angalia mbegu za nyasi zenye ncha, hizo hupenya ngozi na kuendelea kwenda ndani.