Tapeti kava inavuja oili, tupeane uzoefu wadau

Wakuu habari za jioni, niko Nkuhungu hapa Dodoma na Toyota IST yangu ya injini 1NZ, tapeti kava (kifuniko cha juu ya injini) inavuja, oili inadondokea egzosi, nikisimama kidogo tu harufu ya kuungua inajaa ndani watoto wanalalamika. Mafundi wawili kila mmoja ana lake, mmoja anataka kubadili gasketi (raba inayoziba kati ya kava na injini) mwingine anasema kupaka silikoni, ile gundi ya kuziba, inatosha. Waliopitia hili naomba mnipe stori zenu.

Mdau wa Kizota:
Silikoni tupu usikubali kaka. Gereji moja walinipakia nyingi mpaka ikamwagika pembeni, kumbe na ndani vilevile, vipande vikakatika vikashuka kwenye sampu (bakuli la oili chini ya injini) vikaziba chujio la pampu ya oili. Nipo njiani naenda Kondoa taa ya oili ikaanza kuwaka nikiwa sailensa (nimeachia mafuta), nikazima gari palepale nikatafuta wa kunivuta. Bora nilizima, injini ingekufa.

Fundi, Chang'ombe:
Mkuu wa Nkuhungu, nunua gasketi mpya ya raba, ya zamani imeshakauka kwa moto haibani tena hata uipake nini. Osha injini kwanza, maana huku kwetu vumbi likishika oili huoni inapotokea, unaweza kulaumu tapeti kava kumbe ni sehemu nyingine. Fungua asubuhi kabla upepo haujaanza, mchanga ukiingia kwenye kamshafti (shafti za juu zinazofungua valvu) ni hasara. Mfereji wa kava na uso wa hedi (sehemu ya injini ambayo kava inakalia) futa mpaka pakauke kabisa, usikwangue na bisibisi hedi ni aluminiamu inachorika. Silikoni kwenye 1NZ inawekwa sehemu mbili tu, pale kava ya taiming cheni inapokutana na hedi, tone dogo kila upande, halafu funga haraka kabla haijaanza kukauka. Bolti anza za katikati ukienda nje, kidogo kidogo kwa mzunguko, mwisho Nm 10. Hiyo ni nguvu ndogo sana, wengi wanakaza kwa hasira kava inapinda au bolti inakatika ndani ya hedi. Ukiweza iache ilale usiku ndo uwashe.

Mdau wa Manyoni:
Naongezea hapo kwa fundi, angalieni na PCV valvu, ile inayotoa presha ya ndani ya injini. Mimi nilibadilishiwa gasketi nzuri tu ikavuja tena, ikaonekana PCV imeziba kwa masizi, presha haina pa kutokea inasukuma oili kwenye kila upenyo. Kuitoa ni dakika chache, itikise, isipogonga ndani weka mpya.

Mdau, Area C:
Yangu kwa nje ilikuwa kavu kabisa ila gasketi ilivujia ndani, oili ikajaa kwenye mashimo ya plagi, gari inamisi (injini inakatakata) mpaka nikauziwa koili, ile ya kupeleka umeme kwenye plagi, bila sababu. Chomoa koili uchungulie.

Aliyeanzisha:
Asanteni sana ndugu zangu. Nimechungulia na tochi sasa hivi, shimo la plagi ya pili lina oili. Kesho nanunua gasketi na PCV vyote kwa pamoja. Fundi wa Chang'ombe, Jumamosi asubuhi upo?

Fundi, Chang'ombe:
Nipo, njoo mapema injini ikiwa ya baridi.